Wajane Kumi na Mmoja wa Kandambele

Mambo haya yalitokea Kandambele, nchi ambayo wewe msomaji hujawahi kufika, na ukidhani umewahi kufika, basi ni macho yako tu. Ni nchi nzuri. Ina wimbo wa taifa wenye beti arobaini, ina Wizara ya Ushujaa, Kumbukumbu na Mandhari, na ina Daftari la Mashujaa ambalo hubebwa na watu wanne kwa uzito wake. Humo wameandikwa mashujaa mia nne na kumi na wawili waliomng'oa Gavana wa kigeni. Kwa bahati njema wote wako hai, wote ni wanaume, na wengi wao wana undugu na waziri.

Bi Kidawa binti Salehe alikuwa na shida moja tu na Daftari hilo. Alitaka jina la mdogo wake, Mwavita, liingizwe humo kabla ya mwezi kwisha.

Hakuwa na tamaa ya medali. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mitatu, muuza vitumbua, mwenye goti bovu na ulimi mkali, na alishaona medali nyingi zikining'inia vifuani mwa watu aliowajua vizuri. Shida yake ilikuwa mifupa. Mwavita alikuwa amelala shimoni katika uwanja wa zamani wa matofali, pale askari wa Gavana walipomtupa miaka arobaini na tano iliyopita, na serikali ilikuwa imetangaza kwamba hapo patajengwa Kiwanja cha Uhuru chenye chemchemi za maji ya rangi. Tangazo lilisema kwamba mashujaa wote walioandikwa Daftarini watafukuliwa kwa heshima, wataombewa dua na kuzikwa upya kwa mizinga. Wasioandikwa watahesabiwa kuwa udongo.

*

Ili uelewe kosa la Mwavita, yafaa ujue jinsi wanawake wa Kandambele walivyopigania uhuru, jambo ambalo shuleni hufundishwa kwa sentensi moja: "Akina mama nao hawakuwa nyuma."

Gavana alikuwa na Mtaalamu wa Desturi, bwana mmoja wa kaptura ndefu na kidaftari, ambaye aliwauliza watu maswali mpaka wakachoka wakamjibu lolote ili aende zake. Aliyechoka kuliko wote alikuwa shangazi yake Bi Kidawa. Alikuwa anachambua mchele, bwana yule amemkalia mbele tangu asubuhi, basi akamwambia lililomjia mdomoni. Ndipo ikaandikwa kitabuni kwamba wajane wa Kandambele, wakiwa edani, hujifunika kaniki gubigubi na kwenda mtoni kwa mstari mmoja, hawasemi, hawageuki nyuma, na mwanamume yeyote atakayemgusa mmoja wao au kumzuia njia atapoteza uanaume wake kabla ya mvua za kwanza.

Sasa kila mtu anajua kwamba mjane wa eda hukaa ndani. Hatoki hata kwenda kisimani, seuze kuandamana. Katika maelezo yote yale kitu cha kweli kilikuwa kaniki peke yake. Lakini kitabu kilikuwa kimeshapigwa chapa huko kwao, kina jalada la ngozi, na Gavana alipokisoma alitoa waraka kwa askari wake wote: wajane wasiguswe. Mpishi wa Gavana akauleta waraka ule mjini ndani ya kapu la vitunguu, akina mama wakasomewa, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wiki iliyofuata, mji uliokuwa na misiba minne ulikuwa na wajane sitini.

Hivyo ndivyo bunduki zilivyovuka mto, ndani ya majeneza yaliyobebwa na wajane wenyewe, mbele ya macho ya askari waliokuwa wamegeuza nyuso zao ukutani kwa kuhofia mali zao. Mwavita alifiwa mara tisa na mume mmoja aitwaye Abdu, ambaye hakuwahi kuzaliwa. Alimlilia vizuri hata majirani wakaja kumpa mkono wa pole kwelikweli, na siku moja aligombana na shoga yake aliyesema kwamba Abdu alikuwa mlevi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ana mwanya, na kicheko chake kilisikika mtaa wa pili.

Mwaka wa mwisho wa Gavana, viongozi kumi na mmoja wa chama walikuwa wanasakwa nyumba kwa nyumba. Wanawake wakawanyoa ndevu, wakawavisha kaniki, wakawafundisha kutembea, na mchana kweupe wakawatoa mjini kama wajane. Kidawa alitangulia mbele, Mwavita akafunga mstari nyuma. Walipofika katikati ya daraja, mjane wa nne, kijana mwembamba aitwaye Kalimbwe aliyekuwa na mafua, akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ya kiume. Askari wakaangaliana, mmoja akakoki bunduki. Pale pale Mwavita akajifunua kaniki usoni, akaangua kicheko chake kile, akawatukana askari matusi ya nguoni na kutimua mbio kurudi mjini. Wakamfukuza wote. Kidawa alisikia mlio mmoja wa bunduki, kisha wa pili.

Hakugeuka. Kitabu kilisema wajane hawageuki, na angegeuka yeye, wale kumi na mmoja nyuma yake wangegeuka pia na nyuso zao zingeonekana. Alikwenda hivyo hivyo mpaka ng'ambo, macho mbele, mguu kwa mguu, kwa kufuata mila iliyotungwa na shangazi yake juu ya ungo wa mchele. Hilo ndilo lililomkaa kooni miaka arobaini na tano, na halikuwahi kushuka.

*

Ofisa Uthibitisho wa Wizara, Bwana Sefania, alikuwa kijana mpole aliyevaa tai yenye picha ya Daftari. Alimkaribisha Bi Kidawa kiti, akampa pole ya goti, kisha akamsomea masharti kwa sauti ya huruma. Shujaa anayeomba kuandikwa afike mwenyewe, atie dole gumba mbele ya ofisa.

Bi Kidawa akamweleza kwamba shujaa anayehusika ni maiti.

Bwana Sefania akasikitika sana. Akasema hata hao serikali imewafikiria, wao wanaruhusiwa kuleta barua ya kueleza sababu za kutofika. Akaendelea. Itajwe namba ya silaha aliyotumia. Bi Kidawa akasema Mwavita alivusha bunduki mia mbili kwa mikono yake, na hizo ndizo zilizopigana vita vyote vya bondeni. Bwana Sefania akauliza kama katika hizo mia mbili kuna hata moja aliyoifyatua. Hakuna. Alikuwa ameshika nini basi, siku zote hizo? Alikuwa ameshika jeneza. Ofisa akafungua Orodha ya Silaha za Ukombozi, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akakuta panga, upinde, hata kombeo, lakini jeneza hakulikuta.

Likabaki sharti la tatu, mashahidi wenye cheo. Bi Kidawa akafurahi kidogo, maana wale kumi na mmoja wa darajani sasa walikuwa ndio serikali yenyewe. Kalimbwe wa chafya alikuwa Mkombozi Mkuu wa Taifa, na kumi waliobaki walikuwa mawaziri.

"Tatizo, mama, ni kwamba wazee wetu hawakupita darajani," alisema Bwana Sefania, akimwonyesha picha kubwa ukutani. "Waliogelea."

Ilikuwa kweli. Pichani walionekana wote kumi na mmoja, vifua wazi, visu menoni, wanakata maji yenye mamba. Picha kama hiyo iko bungeni, iko kwenye stempu na kwenye vibiriti. Bi Kidawa akasema yeye mwenyewe ndiye aliyewaongoza juu ya daraja, tena Mheshimiwa Mpeta, ambaye leo ni Waziri wa Ushujaa, alilia njia nzima kwa sababu kaniki ilikuwa inamwasha. Bwana Sefania akafunga mlango taratibu. Akamwambia, kwa faida yake, kwamba daraja hilo lilishavunjwa na serikali kwa kuwa halikulingana na picha.

*

Bi Kidawa angefia kwenye benchi la Wizara kama wasingekuja wageni. Nchi rafiki zilikuwa zimekubali kugharimia Kiwanja cha Uhuru na chemchemi zake, ila wageni wao walipofunua Daftari la Mashujaa waliuliza kwa upole mashujaa wanawake wako ukurasa gani. Waziri Mpeta akajibu kwamba wako ukurasa unaofuata. Wageni wakafunua, wakafunua, wakafika jalada la nyuma.

Wakaipa Kandambele siku kumi na nne za kuwapata.

Baraza la Mawaziri lilikaa mchana kutwa. Wazo la kwanza lilikuwa kuwatafuta wanawake waliopigana, likakataliwa kwa kuwa wangepatikana. Ndipo mzee mmoja wa Nyaraka akaleta taarifa ya zamani ya askari wa darajani, yenye mhuri wa Gavana: "Wamepita wajane kumi na mmoja nyuma ya kiongozi wao. Mmoja wa mwisho amekimbia, amepigwa risasi." Mawaziri wakasoma mstari wa kwanza, wakatazamana, na kumbukumbu zikaanza kuwarudia mmoja baada ya mwingine.

Kesho yake Bunge likapitisha Sheria ya Mavazi ya Kihistoria bila mtu kupinga. Ilisema kwamba mtu yeyote aliyekuwa ndani ya vazi la kike wakati wa mapambano atahesabiwa kuwa mwanamke kwa muda wote aliolivaa, bila kuathiri uanaume wake wa kabla na baada. Mchoraji aliitwa kuwavisha kaniki wale waogeleaji. Visu aliviacha menoni. Wake za mawaziri nao hawakulala, walianzisha Umoja wa Wake za Wanawake Mashujaa, wakashona sare. Wananchi tulifurahi sana, kwa sababu tuliambiwa tufurahi na siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko.

Ikapangwa kwamba siku ya kuweka jiwe la msingi, mashujaa wanawake kumi na mmoja wataandamana kwa mila halisi, wakipita Barabara mpya ya Wajane mpaka kwenye Kiwanja, wageni wakiwatazama. Hapo likatokea jambo dogo. Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka namna ya kujifunga kaniki.

*

Gari la serikali lilimkuta Bi Kidawa anageuza vitumbua. Alipofikishwa ukumbini akawakuta wanaume kumi wanene wamesimama na suruali za ndani, kila mmoja ameshika kaniki yake, hajui aanzie wapi. Mkombozi Mkuu pekee hakuwapo, angekuja siku ya mwisho.

Waziri Mpeta akamwambia kwamba taifa linamhitaji. Bi Kidawa akajibu kwamba yeye pia analihitaji taifa, na akasema anachotaka. Mwavita aandikwe Daftarini, afukuliwe, azikwe kaburini kwake kama watu. Akiandikwa, atawafundisha hata kulia. Waziri akaitia sahihi fomu ya Mwavita palepale juu ya mgongo wa mwenzake.

Kwa siku nane Bi Kidawa alifundisha. Kaniki hazikuwatosha matumbo ikabidi ziungwe tatu tatu. Waziri wa Maji alikuwa anakanyaga pindo lake na kuanguka, Waziri wa Ulinzi alitaka mjane wake awe na bastola, na Waziri Mpeta, mambo hayabadiliki, alilalamika kwamba nguo inamwasha. Akawafundisha hatua fupi, kichwa chini, macho kwenye visigino vya aliye mbele. Mshauri wa Mila wa Serikali alisimama pembeni na kitabu cha yule Mtaalamu wa kaptura, toleo jipya lenye dibaji ya Mkombozi Mkuu, akihakikisha hakuna kinachopotoshwa. Bi Kidawa alipojaribu kumwambia kwamba mjane hukaa ndani, Mshauri alimwomba asidharau utamaduni wa wazee wetu.

Aliyavumilia yote. Kila jioni aliporudi nyumbani alipitia uwanja wa matofali, akasimama nje ya waya, akamwambia mdogo wake avumilie kidogo, karatasi imeshatiwa sahihi.

*

Siku ya tisa fomu ya Mwavita ilirudi kutoka kwa Mkombozi Mkuu na mhuri mwekundu wa kukataliwa, na siku hiyo hiyo yeye mwenyewe alikuja kufanya mazoezi.

Kalimbwe alikuwa mzee sasa, hata wembamba wake umerudi. Aliwatoa watu wote nje, akakaa kitini na kumnyooshea Bi Kidawa miguu kama mgonjwa. Bi Kidawa akamwekea fomu mapajani.

"Umeikataa wewe," alisema.

"Nimeikataa mimi."

"Umemsahau Mwavita?"

"Dada Kidawa, mimi kila nikipiga chafya namkumbuka." Alisema hivyo bila mzaha, na Bi Kidawa akaona kwamba ni kweli, jambo lililomuumiza zaidi. "Mdogo wako aliikomboa nchi hii kwa kicheko kimoja. Ndiyo maana hawezi kuandikwa. Nikimwandika yeye, itabidi niandike kwamba mimi niliokolewa. Mkombozi haokolewi, dada. Akiokolewa anakuwa mtu tu."

Bi Kidawa akamwambia kwamba yeye hakuja kutafuta nani alimkomboa nani, alikuja kwa mifupa. Wasimwandike popote. Wampe jembe na asubuhi moja, atamchimba kwa mikono yake.

Kalimbwe akatazama dirishani. Akasema serikali imepata njia nzuri kuliko hiyo. Katikati ya Kiwanja litajengwa kaburi la marumaru la Mwanamke Asiyejulikana, na ndani yake itazikwa kaniki ile ile aliyovaa yeye Kalimbwe siku ya daraja, kwa mizinga ishirini na mmoja.

"Anajulikana," alisema Bi Kidawa. "Mwavita binti Salehe. Ana mwanya."

"Basi nenda leo," alisema Kalimbwe kwa sauti ya chini. "Lakini nadhani walishaanza kuchimba Jumatatu."

*

Uwanja wa matofali ulikuwa shimo refu, safi, lenye kingo zilizonyooka. Msimamizi wa kazi, mtu wa makamo mwenye kofia ya manjano, alimsaidia Bi Kidawa kushuka kwenye tuta na kumpa maji ya kunywa. Alikuwa mtu mwema na alijibu kila alichoulizwa. Ndiyo, kulikuwa na mifupa. Walidhani ya ng'ombe, lakini mwenzao mmoja aliona kipande cha kaniki wakasimama kidogo, wakapiga simu Wizarani, wakaulizwa kama mifupa hiyo ina namba ya Daftari. Haikuwa nayo. Kwa hiyo ikaenda pamoja na udongo.

Bi Kidawa akauliza udongo umekwenda wapi.

"Udongo wa hapa ni mzuri sana, mama, unashika," alisema msimamizi. "Tumeutandika Barabara ya Wajane. Wa pembe hii iliyokuwa na mifupa uko kati ya nguzo ya taa ya sita na ya saba. Tunasubiri sherehe ipite ndipo tumwage lami."

Akaongeza kwamba barabara imezungushiwa kamba na askari, hapiti mtu wala mbuzi mpaka ifunguliwe. Watakaoikanyaga kwanza ni wale waheshimiwa wenyewe, kwa mila, halafu jioni ileile lami.

Bi Kidawa alikaa juu ya tuta mpaka maji aliyopewa yakapata moto mkononi. Alitaka kulia, ila machozi yake yalikuwa yamezoea kutoka kwa ajili ya Abdu, shemeji waliyemlilia pamoja na Mwavita, na hayakujua njia nyingine. Kisha akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa Waziri Mpeta, akamwambia kwamba wajane wake wanatembea vibaya, hawatafika popote bila kiongozi. Atawatangulia yeye mwenyewe kama siku ile. Hataki chochote. Waziri alimshukuru kwa uzalendo wake na kumpa kofia.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Wageni wa nchi rafiki walikaa kwenye kivuli, kila mmoja na kitabu cha Mila za Wajane mapajani. Wake za Wanawake Mashujaa walipiga vigelegele kwa zamu. Mtangazaji wa redio ya taifa alieleza kwa hisia jinsi akina mama hawa, kwa maana ya Mkombozi Mkuu na mawaziri wake, walivyojitoa mhanga, na jinsi Kandambele ilivyokuwa nchi ya kwanza duniani ambayo wanawake wake wote mashujaa wamefika ngazi ya uwaziri. Kandambele daima mbele, alisema, na bendi ikapiga.

Bi Kidawa aliacha kandambili zake kwenye nguzo ya kwanza. Mtangazaji akaeleza kwamba hiyo ni ishara ya umaskini wa wakati wa ukoloni. Akaanza kutembea, kaniki gubigubi, hatua fupi, na nyuma yake wakafuata wale kumi na mmoja, vichwa chini, kila mmoja macho kwenye visigino vya aliye mbele. Walikwenda vizuri kuliko mazoezini. Alipita nguzo ya pili, ya tatu. Udongo ulikuwa mwekundu, wa vumbi laini, na alikuwa anausikia chini ya nyayo zake, kila kijiwe. Kwenye nguzo ya tano goti lilimkatalia, akaliburura.

Alipofika kati ya nguzo ya sita na ya saba akasimama, akageuka nyuma.

Wale kumi na mmoja hawakufundishwa kusimama. Waziri Mpeta aliingia kichwa kichwa tumboni kwa Bi Kidawa, Waziri wa Maji akakanyaga pindo lake kama kawaida, na mstari wote ukalaliana, kaniki juu ya kaniki, matumbo hewani. Mkombozi Mkuu akabaki chini ya wote, na katika vumbi lile akapiga chafya. Bi Kidawa hakuwatazama. Alipiga magoti pembeni yao, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo.

"Mwavita," alisema, "nimegeuka."

Alikaa hapo. Wageni wa nchi rafiki walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya mila, mpaka mmoja wao aliyekuwa msomaji alipofunua kitabu na kuonyesha ukurasa unaosema wazi kwamba mjane wa Kandambele hageuki. Wakasikitika sana kuona utamaduni wa kale ukichezewa mbele yao. Mshauri wa Mila akalia. Askari wanne wakaja kumnyanyua, na kwa kuwa hawakujua waraka wa Gavana, walimshika bila wasiwasi wowote.

*

Sajini wa kituo cha polisi alikuwa mtu wa mwandiko mzuri, anayeheshimu kazi yake. Alifungua Daftari la Wahalifu, lenye nembo ile ile ya taifa kama lile la Wizara, tena kubwa zaidi kwa kuwa lina watu wengi. Akaandika jina, akaandika umri, na mbele ya kosa akaandika: kugeuka nyuma katika msafara wa taifa. Silaha, hana. Mashahidi, nchi nzima.

Nje yalisikika magari ya lami yakipita kwenda Barabara ya Wajane. Bi Kidawa aliyasikiliza mpaka la mwisho.

"Ndugu yako wa karibu ni nani?" aliuliza sajini. "Lazima tumwandike."

"Lazima?"

"Bila hilo daftari halifungwi, bibi."

"Mwavita binti Salehe."

Sajini akaandika herufi moja moja. Akauliza anaishi wapi. Bi Kidawa akamwambia yuko Barabara ya Wajane, kati ya nguzo ya sita na ya saba, upande wa kulia ukitoka mjini. Sajini akasema huko hakuna nyumba. Bi Kidawa akasema hakuna, lakini yupo, wala hahami tena. Sajini alimtazama kidogo, kisha akaandika vile vile alivyoambiwa, akapuliza wino na kugonga mhuri wa Jamhuri.

Bi Kidawa hakujua kusoma. Akamwomba amsomee mstari ule wa mwisho. Sajini akamsomea. Akamwomba tena, naye akasoma tena, polepole zaidi, jina na mahali. Ndipo bibi akashukuru, akafungua fundo la kaniki akampa kofia ya Waziri aandike kwenye orodha ya vitu vya mahabusu, akaingia ndani na miguu yake mitupu. Alikuwa amewaambia wasimwoshe ule udongo.